Wafe Wote

Mlango wa jikoni haukutaka kufunguka. Inspekta Kobe aliusukuma kwa kiganja, ukagoma. Akauwekea bega, ukakubali nusu, huku ukikwaruza vigae kwa sauti ya kutia meno ganzi. Alipokwisha kuingia alijaribu kuurudisha, na kuurudisha nako kukawa shughuli ile ile. Mbao zilikuwa zimevimba kwa miaka ya maji na mvuke, na pale ncha yake ilipokuwa ikipita palikuwa na mstari mweupe uliopinda sakafuni. Alisugua bega lake, akaanza kutazama.

Kobe halikuwa jina lake. Alibandikwa na wenzake kituoni kwa sababu ya mwendo wake kazini, naye hakuwahi kulikataa wala kuongeza mwendo. Kesi hii wenzake walikuwa wamekwisha kuimaliza vichwani mwao. Fundi saa wa mtaa, mtu mzima wa makamo, mwenye afya yake, alikutwa ameketi sakafuni humo jikoni akipigania pumzi, na kesho yake asubuhi akakata roho hospitalini. Mkewe ndiye aliyemkuta. Mkewe ndiye aliyekuwa amempikia. Mkewe ndiye aliyesugua sufuria kubwa hadi ikang'aa kabla polisi hawajabisha hodi. Juu ya yote hayo, mshonaji wa nyumba ya pili alikuwa amekula kiapo kwamba siku ile ile alimsikia mwanamke huyo akisema uani, tena wazi wazi: "Maji ya moto tu, wafe wote, nimechoka nao humu ndani."

Nao ni nani? Mama mzazi wa fundi alikuwa amehamia pale tangu goti lilipoanza kumsumbua. Mdogo wake fundi alikuwa haondoki mezani mpaka sahani iwe nyeupe. Basi wapelelezi wakajumlisha, na jumla ikawatosha. Mama mkwe naye alikuwa amempeleka mjukuu wake kwa shangazi, na akaapa kwamba mwanawe hatatoka mochwari kwenda kuzikwa mpaka muuaji ajulikane, na kwamba huyo mke hataliona kaburi wala mtoto. Jalada lilikuwa liende kwa mwendesha mashtaka kesho yake. Kobe aliomba siku moja, wakampa kwa kumhurumia.

Kitu pekee kilichomzuia kukubaliana nao kilikuwa maneno ya daktari wa mochwari. Tumbo la marehemu lilikuwa safi. Mapafu ndiyo yaliyojaa maji, na moyo ulikuwa umechoka kama wa mzee. Kwenye ncha za vidole palikuwa na vinyweleo vidogo vyeupe, vimejichoma ngozini. Kobe alivishikilia vinyweleo hivyo kwa muda, mpaka daktari akamwambia aachane navyo, kwani ni vya minyoo ya baharini, huwasha, haviui.

Minyoo ya baharini ilikuwa na sababu ya kuwa katika nyumba hiyo. Sebuleni, ukuta mzima ulikuwa umechukuliwa na tangi la kioo la maji ya chumvi, lenye mawe, matumbawe na taa za buluu. Fundi alilijenga mwenyewe, akalilea kwa miaka, na vile vile vibano alivyotumia kushika gurudumu la saa dogo kuliko punje ya mchele ndivyo alivyotumia kuwalisha samaki wake. Sasa samaki alikuwa amebaki mmoja, wa manjano, anayezunguka pembe moja tu ya juu na kukataa kushuka.

Jikoni Kobe hakupata kitu kipya, isipokuwa kitu kimoja kilichokuwa juu mno kwa wenzake kukitazama. Karibu na dirisha, kwenye ndoano, kulikuwa na tundu la ndege. Lilikuwa tupu, na mbegu zilikuwa bado zimo kikombeni.

Alimwita mke wa fundi. Alikuja akiwa amejifunga kanga mbili, macho yamevimba, akikohoa kikohozi kikavu ambacho mama mkwe alikwisha kukieleza kituoni kuwa ni cha maigizo. Kobe alimvutia kiti, akamwita dada, akamwuliza ndege yuko wapi.

Alikuwa chiriku, alijibu. Alikufa siku ile ile. Alimkuta chali ndani ya tundu wakati alipokuwa akimburuta mumewe kumtoa nje, na katika msiba wa mtu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsemea ndege.

Kobe hakuandika neno. Chiriku hakula chakula cha mezani wala hakunywa chai ya mtu. Kama kulikuwa na kitu kilichowaua wote wawili, kilikuwa kimewafikia kwa njia ambayo wote wawili waliitumia, na njia hiyo ni kuvuta pumzi. Aliuliza siku ile kwenye jiko kulikuwa na nini.

"Sufuria," alisema. "Ina jiwe."

"Mbona hukuwaambia wenzangu?"

"Waliniuliza nimepika nini, afande. Nikawaambia nilichopika. Jiwe sikulipika mimi. Alilichemsha yeye."

Halafu akaeleza, pole pole, akisimama kukohoa. Samaki walikuwa wamekufa mmoja mmoja tangu msimu uliopita, bila ugonjwa. Jioni wako wazima, asubuhi mmoja hayupo, au amebaki kichwa tu, na juu ya kichwa hicho minyoo midogo ya rangi ya waridi imejaa tele. Fundi alikonda kwa ajili yao. Alikaa na kibano chake akiwaopoa minyoo mmoja mmoja, mpaka vidole vikawa havishiki kitu kwa kuwasha, na bado samaki wakaendelea kufa. Aliacha kula mezani, akawa anakula amesimama mbele ya kioo. Mwisho akashuku jiwe moja kubwa lililoota vitumbawe vya mviringo kama vifungo vya shati, kijani na rangi ya chungwa, kwamba ndimo walimojificha. Akalitoa.

Kobe alimwuliza ni nani aliyetoa wazo la kulichemsha. Mwanamke alitazama mikono yake. Kobe hakumsukuma. Aliuliza tu ilikuwaje baada ya hapo.

Mvua ilikuwa ikinyesha, alisema, kwa hiyo dirisha lilikuwa limefungwa. Yeye alikuwa chumbani anamsuka binti yao. Harufu ikaja, ya kuoza kwa pwani maji yanapokauka. "Nikamsikia mama akimtania kuhusu harufu, naye akacheka, kisha mlango ukakwaruza. Nikaendelea kusuka. Sikusikia tena kitu." Alipokwenda kuchukua maji ya moto alikuta mlango mzito kuliko siku zote. Mumewe alikuwa ameuegemea kwa ndani. Alisukuma, akapita kwa upenyo, akazima jiko, akafungua dirisha. Mdomoni mwake, tangu wakati ule, kulikuwa na ladha ya chuma.

"Na sufuria uliisugua kwa nini?"

"Watu wa msiba walikuwa wanakuja. Nyumba hii ina sufuria kubwa moja tu."

Jiwe alikuwa amelitupa uani, nyuma ya bomba. Kobe alilikuta pale, limefunikwa na nzi, vile vifungo vya rangi vimegeuka uji wa kahawia. Alitaka kuliinua, mkono ukasita wenyewe. Akalifunika kwa ndoo na kuomba mtu yeyote asiliguse.

Mama mkwe alikuwa sebuleni, kwenye kiti kilichoelekea tangi, mguu juu ya kigoda. Alimwita Kobe mwanangu, kisha akamwuliza mwanangu huyo polisi wanangoja nini, au mpaka huyo mwanamke awamalize waliobaki. Kila alichosema juu ya mkwewe kilikuwa cha ukali. Alipofika kwa mwanawe sauti ilishuka. Alisimulia jinsi alivyokuwa mtoto wa kufungua kila kitu, saa, redio, kufuli, na kukirudisha kikiwa kinafanya kazi. Alisimulia pia mchana ule wa mwisho, na hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Ule uvundo, mwanangu, ungefukuza jeshi. Nikamwambia, jifungie huko na uvundo wako, usije ukatuua sisi. Akachungulia, akacheka, akanipigia saluti kwa mwiko. Akajifungia." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nashukuru Mungu kwamba maneno yetu ya mwisho yalikuwa ya kucheka. Wengine hawapati hata hayo."

Kobe alisema ni kweli, wengine hawapati. Akaaga.

Duka la samaki wa mapambo lilikuwa njia panda, kati ya kinyozi na muuza rangi. Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno mengi, na alipoona kitambulisho maneno yakaongezeka. Yeye anauza samaki, hauzi vifo. Fundi alikuwa mteja wake, rafiki, karibu ndugu. Kobe alimwacha aseme mpaka pumzi imwishie, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumwomba amfundishe habari za minyoo.

Hapo jamaa akawa mtu mwingine. Wale wadogo wa waridi, alisema, wanaonewa bure. Wao ni wazoa taka. Samaki akifa, wanakuja kusafisha. Mtu akiamka asubuhi anawakuta juu ya maiti, basi wao ndio wauaji. Kobe alimfikiria mwanamke aliyetengwa kule nyumbani, ambaye kosa lake la kwanza lilikuwa kukutwa karibu na maiti, na roho ikamwuma. Aliuliza muuaji ni nani.

"Yuko mmoja mkubwa, afande. Huyo anaingia na jiwe akiwa kama uzi, anakulia humo humo, anakuwa kama mkanda wa suruali. Mchana humwoni. Giza likiingia anatoa kichwa, samaki akipita, kwisha. Na huyo ukimkata kipande, kipande kinaota. Nilimwambia fundi, hao si wa kubembeleza. Labda wafe wote."

Kobe aliinua kichwa. "Sema tena."

"Nini?"

"Hilo la mwisho."

"Labda wafe wote," mwenye duka alirudia, sasa kwa woga.

Kobe alikaa pale juu ya ndoo, akajiona mjinga, yeye na kituo chake kizima. Walikuwa wamemtia mwanamke hatiani kwa neno fupi kuliko yote, "nao". Watu hufa, minyoo hufa, na katika lugha hii kila chenye pumzi ni yeye, na wakiwa wengi ni wao. Mshonaji alisikia sawasawa. Wafe wote, nimechoka nao. Nani angechoka zaidi ya mke aliyemwona mumewe akikonda na kula mbele ya kioo kwa sababu ya minyoo?

Alibakiza swali moja. Jiwe lenye vifungo vya kijani na rangi ya chungwa, likichemshwa, huwa nini?

Mwenye duka aliweka chini mfuko wa maji aliokuwa ameushika, na samaki aliyekuwa ndani akageuka geuka. Rangi ilimtoka usoni.

"Nani anachemsha jiwe, afande?"

"Fundi alichemsha."

Vile vifungo vina sumu mwilini mwao, alisema. Katika kazi hii kila mtu anajua: unavaa glavu, hulisugui likiwa kavu, na hulitii moto, kwa sababu sumu hupanda na mvuke. Kobe alimwuliza kama alimwambia fundi hayo alipomwuzia jiwe hilo. Alisema alimwona ni mtu wa mikono yenye makini, mtu wa saa. Alidhani anajua. Akaketi sakafuni katikati ya matangi yake, akashika tama, na Kobe alimwacha hapo bila kumwongezea neno.

Daktari wa mochwari alisikiliza kwa simu, kisha akasema mapafu yanakubali na moyo unakubali. Angetaka kipande cha jiwe kwenye chupa yenye kifuniko, na mtu wa kukikata avae barakoa. Maabara ingethibitisha, lakini yeye binafsi hakuwa na shaka tena. Kobe alinunua glavu na barakoa njiani, na kwa mwuza samaki wa kuliwa akanunua kamba mmoja.

Aliwaita wanawake wote wawili sebuleni. Mama mkwe alikuwa kitini pake. Mke alisimama karibu na ukuta, mbali kadiri chumba kilivyoruhusu. Kobe alifunga mapazia, akazima taa za tangi. Akachukua kibano kirefu cha marehemu, akabana kipande cha kamba na kukishusha majini, karibu na mawe yaliyobaki. Wakangoja gizani, wote watatu, wakisikia pampu tu.

Kilitoka pole pole kwenye tundu ambalo hakuna aliyelijua. Kwanza pembe ndogo tano zikipapasa maji, kisha kichwa, kisha mwili unaong'aa zambarau, shubiri baada ya shubiri, usioonekana kwisha. Kikanusa. Halafu kamba hakuwepo, na kibano kikatikisika mkononi mwa Kobe.

Mama mkwe alivuta mguu wake kutoka kwenye kigoda. "Hiki ndicho alichokuwa akikitafuta?"

"Ndicho, mama."

"Kwa hiyo hakikuwemo kwenye lile jiwe," mke alisema kutoka ukutani.

"Hakikuwemo."

"Alichemsha jiwe tupu."

Kobe alisema ndiyo. Tangu msiba uanze hakuna aliyemwona mwanamke huyo akilia, na jambo hilo nalo lilikuwa limeandikwa dhidi yake. Sasa alilia amesimama, bila kujifunika uso, na katikati ya kilio akayatoa mwenyewe. Yeye ndiye aliyemwambia. Walikuwa uani, mume ameshika kichwa, hajui la kufanya. Katika nyumba hiyo kila kitu walichotaka kiwe salama walikichemsha, maji ya kunywa, chupa za mtoto alipokuwa mchanga, vitambaa vya mgonjwa. Akamwambia maji ya moto tu, wafe wote, nimechoka nao. Akamwambia kwa sababu alitaka mumewe arudi kula mezani.

Kobe alifungua pazia. Kwa sauti ile ile anayotumia kusoma maelezo ya mashahidi, aliwaeleza yaliyobaki: vifungo, sumu, mvuke. Alieleza kuhusu chiriku. Alieleza kuhusu kikohozi, kwamba ni cha mtu aliyeingia katika mvuke ule kumtoa mumewe, na kwamba lazima aonane na daktari leo hii. Alisema hapakuwa na muuaji katika nyumba hiyo, na jalada litafungwa. Alikuwa amezoea kuona watu wakishusha pumzi anapofika hapo. Hakuna aliyeshusha.

Mama mkwe alikuwa anautazama mlango wa jikoni.

"Mvuke," alisema. "Chumba kikiwa kimefungwa."

Kobe alifuata macho yake.

"Mwanangu, kama mlango ungekuwa wazi?"

Katika miaka yake yote ya kuhoji watu Kobe hakuwahi kuulizwa swali ambalo alitamani kiasi hicho kutokuwa na jibu lake. Alifungua mdomo. Aliyejibu alikuwa mke, amekwisha kusogea kutoka ukutani, akifuta uso kwa kanga.

"Mlango ule hujifunga wenyewe, mama."

"Mimi ndiye niliyemwambia ajifungie."

"Hakukusikia. Maji yalikuwa yanachemka, na mvua juu ya bati. Ulijifunga wenyewe. Bawaba zake mbovu, hata ukiuacha wazi unarudi."

Mama mkwe alimtazama mkwewe kwa muda mrefu. Alikuwa ameishi humo miezi kadhaa, na masikio yake hayakuwa na ubovu wowote. Kila asubuhi alikuwa akiamshwa na mkwaruzo wa mlango ule ukisukumwa kwa nguvu.

"Bawaba zile," alisema mwishowe. "Nilimwambia siku nyingi azitengeneze."

"Ulimwambia, mama."

"Hakuwa msikivu."

"Hakuwa."

Mama mkwe alinyoosha mkono, na kwa kuwa goti halikumruhusu kusimama, mke alipiga magoti mbele ya kiti na kuupokea. Hawakukumbatiana. Baada ya kitambo mama mkwe alisema apigiwe shangazi amrudishe mtoto kabla ya jioni, kwani lazima naye aende kumzika baba yake, na wao wawili watatangulia mochwari pamoja. Kisha akamwuliza mkwewe kama amekula.

Kobe alikumbuka kwamba bado ana kipande cha jiwe cha kuchukua uani, na njia ya uani ilikuwa ni jikoni tu. Ripoti yake ingesema dirisha lilikuwa limefungwa na mlango ulikuwa umefungwa, na hayo yangetosha sheria. Alivaa glavu. Alipofika mlangoni alishika kitasa kwa mikono miwili, akauinua mlango wote juu kwa nguvu zake, mpaka bega lililokuwa likimwuma tangu asubuhi likalia, akaufungua bila kuuacha uguse sakafu.